"Mustn't" sio "si lazima"

Kikombe kilikuwa cheupe, kimechorwa maua ya bluu, na chai nilikuwa nimeitia maziwa na sukari vijiko viwili, kama bibi niliyekuwa namhudumia alivyopenda. Saa kumi jioni. Nilimshikisha kikombe kwa mikono yote miwili, nikamtandikia kitambaa kifuani. Akanywa funda la kwanza, akatabasamu. Funda la pili likampalia. Alikohoa mpaka uso ukamwiva na macho yakamtoka, mkono wake ukanikamata kwa nguvu ambazo sikudhani mtu wa miaka 80 na zaidi anazo.

Mkuu wa zamu alikuja mbio. Akamwinamisha mbele, akamsemesha taratibu, bibi akakohoa hadi koo likafunguka. Kisha akakitazama kikombe, akauliza nani ametoa chai hii. Nikasema ni mimi. Akachukua karatasi ya makabidhiano ya zamu, akaweka kidole chini ya mstari mmoja: "She mustn't have ordinary tea." Akaniuliza kama niliusoma.

Niliusoma. Tena niliusoma mara mbili, kwa sababu nilikuwa na wiki ya tatu tu kazini na kila kitu nilikuwa nakisoma mara mbili. Hapo ndipo uchungu ulipo. Sikuzembea, sikuruka mstari. Nilisoma, nikaelewa kinyume.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilifika Leicester, Uingereza, mwishoni mwa 2022, kwa ile visa ya wahudumu wa afya na matunzo, nikaanza kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Kiingereza nilikisoma shule ya msingi, sekondari tukafundishwa masomo karibu yote kwa lugha hiyo, na kabla ya kupata visa nilifanya mtihani wa lugha nikafaulu. Daftari langu la sekondari lilikuwa na ukurasa mzima wa vile vitenzi vidogo vinavyotangulia vitenzi vingine, nimevipanga kama bei dukani: can ni kuweza, must ni lazima, should ni kupaswa, may ni huenda. Ukurasa ule niliukariri. Niliingia nao Uingereza kichwani.

Basi siku ile nilipoona mustn't, nikapiga hesabu. Must, lazima. Not, si. Jibu: si lazima. Si lazima apewe chai ya kawaida. Kwa hiyo, nikawaza, ya kawaida sawa, ile iliyotiwa unga wa kuifanya nzito nayo sawa, ni hiari yake. Na bibi alikuwa ameniomba ya kawaida kwa mdomo wake.

Bibi aliwahi kupata kiharusi, na kiharusi kilimharibia umezaji. Maji matupu au chai nyepesi hukimbia haraka kooni kuliko misuli yake inavyoweza kuziba njia ya hewa, na kinachopita njia hiyo huishia kwenye mapafu, na kinaweza kuleta nimonia. Ndiyo maana kuna unga maalumu wa kufanya kinywaji kiwe kizito, kishuke polepole. Kuna hata viwango vya kimataifa vya jambo hili, 0 hadi 7, vinavyopima uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula. Bibi alikuwa kiwango cha 2, uzito mdogo tu, lakini uzito huo ndio uliokuwa unamlinda. Muuguzi alimsikiliza kifua, akampima joto, na kwa siku kadhaa zilizofuata kila aliyeingia zamu alimpima tena. Nimonia haikuja. Alhamdulillahi. Usiku wa kwanza sikulala.

Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi kuliko sentensi nyingine yoyote maishani mwangu, na hivi ndivyo ninavyoielewa sasa. Kwa Kiswahili, ukisema "si lazima apewe", ukanushi unaipiga lazima yenyewe. Lazima inaanguka, mtu anabaki huru. Kwa Kiingereza, katika mustn't, ule ukanushi umegandishwa kwenye must lakini hauigusi. Unairuka, unakwenda kutua kwenye tendo. Lazima imesimama palepale, imara, na kinachokataliwa ni kupewa: lazima asipewe. Angalia zilivyo karibu, "si lazima apewe" na "lazima asipewe". Maneno yaleyale, ukanushi umehama mahali pamoja tu. Na mimi nilimpalia mtu kwa sababu ya mahali hapo.

Ile "si lazima" yetu wao wanaisema kwa njia nyingine kabisa: doesn't have to, au needn't. Sasa mtu atasema, basi tukariri tu kwamba kwa Kiingereza ukanushi huruka. Haiendi hivyo. Kwenye can't haukuruka, umeipiga can yenyewe, hawezi. Na may not ina njia mbili: "he may not come" inaweza kuwa huenda asije, na inaweza kuwa haruhusiwi kuja, utajua kwa anayesema na mahali anaposemea. Kila kimoja kina tabia yake, inabidi ukizoee chenyewe, kama unavyozoea tabia za watu wa nyumba moja.

Baada ya tukio niliitwa kujaza fomu ya maelezo. Meneja alikaa pembeni yangu, mwanamke mpole, hakunigombeza. Nikaandika: "I would have asked, but everyone was busy." Akaisoma, akanirudishia, akaniambia nisome mwenyewe kwa sauti. Nikasoma. Ningeuliza, ila kila mtu alikuwa na kazi. Nikasikia mwenyewe kwamba hiyo si maelezo, ni udhuru. Nikafuta, nikaandika "I could have asked". Ningeweza kuuliza. Kweli, ningeweza, mlango wa ofisi ya muuguzi ulikuwa wazi. Lakini hiyo inasema nafasi ilikuwapo tu, haisemi kama ilikuwa juu yangu kuitumia. Hatimaye nikaandika "I should have asked". Nilipaswa kuuliza na sikuuliza. Maneno mawili yale, should have, yamebeba vyote viwili, wajibu na kutotimizwa kwake, kwa pumzi moja. Meneja akasaini bila kuongeza neno.

Sijawahi kufundishwa sarufi vizuri hivyo. Darasani tulijaza nafasi zilizoachwa wazi: chagua would, could au should. Hakuna aliyetuambia kwamba ukichagua unaamua pia unakubali lawama kiasi gani.

Kwenye fomu ileile muuguzi aliandika "some must have gone down the wrong way", yaani lazima kiasi kilipita njia isiyo yake, nikashtuka tena. Must ya nini hapa, nani alilazimishwa? Nilipotulia nikaiona. Ni must ya kukisia kwa uhakika, na sisi tunayo: "lazima atakuwa ametoka huyo, viatu vyake havipo mlangoni." Hapo hatumlazimishi mtu kutoka. Lazima yetu ina nyuso mbili hizohizo, nami nimeitumia tangu utotoni bila kujua. Will nayo vivyo hivyo. Kengele ikilia saa tano asubuhi wazee husema "that'll be the post", huyo atakuwa mleta barua, na mimi nyumbani Tanga mtu akibisha hodi jioni nasema "huyo atakuwa mwenye maziwa." Wakati ujao, lakini mtu keshafika mlangoni. Vitu kama hivi hunipa faraja.

Can't ilinitesa kwa namna nyingine, kwa masikio. Sisi kila silabi tunaipa haki yake na neno huishia kwenye irabu, kwa hiyo sikio la Mswahili linasubiri irabu. Waingereza can wanaimeza. "He can walk to the bathroom" inatoka kama "hi kn wok", can imebaki vumbi. Can't ndiyo wanayoitamka kwa uzito. Nilikuwa natega sikio nisikie t ya mwisho, na t ya mwisho mara nyingi haisikiki. Mfilipino mmoja niliyefanya naye kazi akanipa dawa: usitafute t, sikiliza uzito. Ukilisikia neno waziwazi, kuna uwezekano mkubwa ni ukanushi. Likipita kama upepo, anaweza. Na mustn't, t yake ya kwanza haitamkwi kabisa. Ila nimejiwekea sheria ambayo siivunji: kama ni dawa, chakula au kumsimamisha mtu, sikisii. Narudia kwa maneno yangu, "So no tea unless it's thickened, yes?", mpaka niambiwe yes.

Halafu kuna maana yenyewe ya hiyo can't. "She can't have sugar" haina maana kwamba mkono haufiki kwenye bakuli la sukari. Kwetu pwani neno hilo lina uzito wa pekee, maana ukiulizwa "bibi yako hajambo?" ukajibu "bibi hawezi", umesema anaumwa. Nilipokuwa mgeni, kila niliposikia can't kuhusu mzee, moyo ulinipiga kama nimesikia habari ya ugonjwa. Mara nyingi ilikuwa ni kukatazwa tu. Hivyo nikaanza kujiuliza kila mara: hawezi kwa nini? Kwa mwili, kwa amri ya daktari, au hataki? Nikijua hilo najua la kufanya.

Sehemu ya adabu nilifundishwa nje ya kazi, dukani, barabara ya Belgrave. Leicester ina Wahindi wengi waliotoka Afrika Mashariki, wengi wao wakiwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Mwenye duka moja la viungo alizaliwa Jinja, na Kiswahili chake bado kipo. Siku ya kwanza aliponisikia nikiongea na simu aliniita kwa sauti, "Karibu binti, unatoka wapi?" Karibu nilie. Basi nikawa mteja wake. Siku moja alinisikia nikimwambia kijana wake "I want one kilo rice", akasubiri kijana aondoke.

"Binti, hiyo I want iache nyumbani. Hapa sema could I have."

"Lakini mzee, could si ni can ya jana?"

"Ndiyo. Wanarudi nyuma hatua moja wasikukanyage."

Niliifikiria njia nzima ndani ya basi. Mtu anaomba kitu cha sasa hivi, mchele uko mbele yake, na anasema kwa kitenzi cha zamani ili kuacha nafasi kati yake na anayeombwa. Would you mind, could you, might I. Nilipofika kituoni nikakumbuka jinsi mimi mwenyewe ninavyoingia ofisini kwa mtu nyumbani Tanzania: "Samahani kaka, nilikuwa naomba unisaidie." Nilikuwa. Lini? Sasa hivi! Hakuna Mswahili anayedhani naongelea jana. Tunafanya kitu kilekile, tunarudi nyuma hatua moja, halafu tunaongeza "ningependa" na "ningeomba". Nilikuwa na adabu hiyo mkononi, nikaiacha uwanja wa ndege kwa sababu daftari lilisema could ni wakati uliopita wa can, likaishia hapo. Siku hizi nikifundisha mdogo wangu kwa simu simpi orodha. Namwambia kila unapotaka kusema naomba au nilikuwa naomba, weka could.

Kuna sentensi moja ya huku ambayo ningetaka kila anayekuja kufanya kazi aijue kabla ya kupanda ndege. "You might want to change those gloves." Niliambiwa hivyo na muuguzi wa zamu ya usiku, kwa sauti laini, huku akiendelea na mambo yake. Might, huenda. Want, kutaka. Huenda ukataka kubadilisha glavu. Nikajitafiti, nikaona sitaki, ni safi bado, nimezivaa sasa hivi. Nikaendelea. Akarudia, laini vilevile. Mara ya tatu hakuwa laini.

Ilikuwa amri. Amri kamili, imevikwa kanzu. Na kwa hili sina udhuru, kwa sababu mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akisema "mawingu yale" nami nikakimbia kuanua nguo. Hakuwahi kuniambia anua. Mama mkwe wangu akitaka chai husema "leo kuna baridi". Sisi watu wa pwani mafumbo tunayavaa kiunoni, yameandikwa kwenye kanga. Nilijua kabisa kwamba mkubwa akisema jambo kwa upole, upole ni wake na kazi ni yako. Nilichokosea ni kudhani Waingereza wanasema wazi kila kitu, kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa, Mzungu hana mafumbo. Anayo. Kayaficha kwenye might na could. Kanuni yangu sasa: anayesema akiwa na mamlaka juu ya kazi ile, might want to yake naihesabu kuwa fanya.

Upande wa pili, must inaweza kuwa laini kama halua. Jirani yangu aliniambia "you must come round for tea", lazima uje kwangu kunywa chai, nikanyong'onyea, huyu nani wa kunipangia? Ikanichukua muda kuona kwamba must hiyo ni ile ya "huondoki hapa mpaka ule." Amri ikimletea faida anayeamrishwa, ni ukarimu.

Mwaka 2024 nilianza kujifunza udereva. Huku kabla ya mtihani wa barabarani kuna wa nadharia, maswali 50, unatakiwa upate 43. Kitabu chake ni Highway Code, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1931, nami nilikifungua nikiwa nimejiandaa kukariri alama. Mwanzoni kabisa kinaeleza kwamba palipoandikwa MUST au MUST NOT kwa herufi kubwa, hiyo ni sheria, ukiivunja umetenda kosa. Palipoandikwa should ni ushauri. Kuuvunja peke yake si kosa la jinai, lakini ukipata ajali unaweza kutumiwa dhidi yako mahakamani. Nilikifunga kitabu, nikakifungua tena. Hiki ndicho nilichokihitaji miaka miwili nyuma! Taifa zima limekubaliana kwa maandishi uzito wa kila neno.

Ukurasa niliourudia sana ni wa zebra. Mtu akiwa amesimama kando akisubiri kuvuka, dereva should asimame ampishe. Mtu huyohuyo akishateremsha mguu kwenye mistari, dereva MUST. Hatua moja ya mguu, sentimita chache za lami, na neno linabadilika kutoka ushauri kuwa sheria. Mwalimu wangu wa udereva aliniuliza kwa nini nasimama mapema hivyo kila zebra, hata mtu akiwa bado kwenye ukingo. Nilishindwa kumweleza habari ya kikombe. Nilimwambia tu kwamba napenda kusimama mapema.

Bibi bado yupo. Amepungua, haongei sana, na siku nyingine hanikumbuki, lakini mkono wangu anaukumbuka, akiushika hauachii upesi. Wiki iliyopita zamu yangu iliisha saa mbili usiku. Nilikuwa nimemtengenezea chai ya mwisho, unga nimepima kwa kijiko chake, nimekoroga, nimesubiri ikamate, nimemnywesha kijiko kwa kijiko. Nikachukua koti. Akafungua macho, akasema, kwa lile neno la mapenzi la watu wa Leicester ambao humwita mtu bata wao, "You needn't stay, me duck."

Needn't. Hapo ukanushi umeipiga need yenyewe. Si lazima ukae. Lazima imeanguka, uamuzi umebaki kwangu.

Nikatundika koti nyuma ya mlango, nikavuta kiti.